Mbwa wa mtaani ni wa nani? Jinsi jamii inavyookoa wanyama wasio na makazi na kulinda maisha ya watu

Karibu kila mtaa nchini una mbwa ambaye kila mtu anamfahamu na hakuna anayekubali kuwa ni wake. Hulala chini ya meza ya mama lishe, hupata mifupa buchani, hubweka usiku akipita mgeni, na watoto wamekwishampa jina. Siku akimng'ata mpita njia, au siku mbwa jike akizaa watoto sita ndani ya nyumba ambayo haijamalizika kujengwa, swali moja hufikishwa kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa: mbwa huyu ni wa nani?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kila mwaka inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri hutangaza vituo na tarehe za chanjo, na matangazo hayo huwaita wenye mbwa na paka wawalete wanyama wao. Mbwa ambaye hakuna anayemkubali hana wa kumpeleka. Hachanjwi, hatibiwi, hahasiwi, na akiugua hakuna anayetambua mapema kwamba tabia yake imebadilika. Pengo hilo kati ya tangazo la Serikali na mnyama asiye na mwenyewe ndilo ambalo vikundi vya kujitolea, mashirika ya ustawi wa wanyama na wananchi mmoja mmoja wamekuwa wakijaribu kuliziba.

Ni rahisi kudhani kwamba mbwa na paka wanaozurura walizaliwa jalalani na hawakuwahi kuwa na kwao. Tafiti zilizofanywa katika maeneo mbalimbali ya Tanzania zinaonesha kinyume chake: walio wengi miongoni mwa mbwa wanaoonekana barabarani wana nyumba wanakorudi. Wanazurura kwa sababu hawafungiwi, hawashibi, au kwa sababu ndiyo desturi ya ufugaji katika sehemu nyingi, kwamba mbwa usiku ni mlinzi na mchana ajitafutie. Mpita njia humwita mbwa koko, lakini ukimfuatilia jioni utamkuta amejikunja mlangoni pa mtu.

Wale wasio na kwao kabisa nao mara nyingi waliwahi kuwa na kwao. Mwenye kiwanja huchukua mbwa wawili walinde mbao, nondo na saruji wakati nyumba ikijengwa; nyumba ikishaezekwa na geti kuwekwa, mbwa hubaki upande wa nje wa geti. Mpangaji huhama, na mwenye nyumba mpya hataki mnyama. Watoto wa kike wa mbwa, ambao wafugaji wengi huwakwepa kwa kuogopa uzazi, hutiwa kwenye kiroba na kuachwa karibu na soko kwa matumaini kwamba wenye mabucha watawaonea huruma. Paka hupatwa na hayo hayo, tena kwa wingi zaidi, kwa kuwa paka hubebeka kirahisi na wengi huamini kwamba hawezi kukosa cha kula.

Si haki kuwaita wote wanaofanya hivyo wakatili. Aghalabu ni watu ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi mbwa jike kwa upasuaji mmoja usiorudiwa, au waliambiwa lakini gharama ikawazidi. Mtu aliyekosa ada ya shule hawezi kulaumiwa kwa kutoitanguliza huduma hiyo. Lakini watoto sita walioachwa sokoni leo, wale watakaosalimika miongoni mwao, watakuwa wakizaa kabla ya mwaka kwisha.

Kwa miaka mingi, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, jibu la haraka kwa wingi wa mbwa lilikuwa risasi au sumu. Njia hiyo huonekana kuwa na matokeo, kwa sababu kesho yake barabara huwa kimya. Ukimya huo haudumu. Chakula kilichowavuta mbwa, yaani taka zisizozolewa, mabaki ya machinjio na makapi ya sokoni, kinabaki palepale, na nafasi za waliouawa huzibwa na mbwa wa mitaa jirani pamoja na vizazi vipya. Zaidi ya hapo, sumu haichagui. Humuua mbwa aliyechanjwa juzi sawasawa na asiyechanjwa, humuua paka na kuku, na huachwa mahali ambapo watoto wanacheza. Wenye mbwa nao, wakisikia kuna msako, huwaficha au huwahamishia kwa ndugu wa wilaya nyingine, na kama mmoja wao ameshaambukizwa kichaa basi ugonjwa umesafirishwa kwa gari.

Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kiliyapitia hayo. Kichaa cha mbwa kilipoingia kisiwani humo mwaka 2008, maelfu ya mbwa waliuawa, na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Vifo vya watu vilianza kushuka baada ya kampeni ya chanjo ya kisiwa kizima kuanza mwaka 2010. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani yote mawili yanaelekeza kwamba msingi wa kudhibiti ugonjwa huu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, na kwamba kuua mbwa kwa wingi si mbadala wa chanjo.

Hapa kuna jambo ambalo halielezwi vya kutosha, nalo ndilo linaloiunganisha kazi ya kuokoa wanyama na afya ya binadamu. Mbwa wengi wa vijijini na mitaani huishi miaka michache tu. Njaa, magari, minyoo na magonjwa huwamaliza mapema, na nafasi zao huchukuliwa na watoto wapya ambao hawajawahi kuchomwa sindano. Kwa hiyo hata halmashauri ikichanja mbwa saba kati ya kumi mwezi Septemba, miezi kumi na miwili baadaye sehemu kubwa ya waliochanjwa wamekufa na mbwa waliopo ni wengine. Kinga ya eneo huvuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mbwa anayelishwa, anayetibiwa na aliyefungwa kizazi huishi muda mrefu zaidi na haongezi watoto wasio na kinga. Anayemwokoa mbwa mmoja na kumtunza anasaidia kuziba tundu la ndoo hiyo, hata kama nia yake ilikuwa huruma tu.

Kisiwa cha Pemba kinatoa ushahidi ulio wazi wa namna jambo hili linavyokwenda. Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, na mbwa wake ni wachache ikilinganishwa na sehemu nyingi za Tanzania Bara. Jamii ya kisiwa hicho ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na wanaofuga mbwa hufanya hivyo hasa kwa ajili ya ulinzi na mashamba. Wingi wa mbwa haukuwa tatizo, lakini kichaa cha mbwa kilikuwapo na watu walikuwa wakifa.

Kuanzia mwaka 2010 watafiti, wakishirikiana na wataalamu wa mifugo na afya wa kisiwani, walifuatilia kila tukio la mtu kung'atwa, wakarudi nyuma hadi kwa mnyama aliyeng'ata, na pale ilipowezekana wakachukua sampuli ya ubongo wa mnyama ili kusoma vinasaba vya kirusi. Ilibainika kwamba minyororo mitano tofauti ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilianzishwa, ikaboreshwa hadi kukifikia kisiwa kizima, na matukio yakapungua hatua kwa hatua: mbwa wenye kichaa, watu waliong'atwa, na vifo. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Kisha kampeni zikalegea. Ugonjwa haukuonekana tena, na jambo lisiloonekana ni gumu kulitengea fedha. Mwishoni mwa mwaka 2016 kirusi kiliingia tena kisiwani, na uchunguzi wa vinasaba ulionesha kwamba kiliingia mara mbili kwa njia mbili tofauti. Kilikuta mbwa wasio na kinga, na mlipuko ukaanza upya. Chanjo ya kisiwa kizima ilirejeshwa, na mlipuko huo ukazimwa Oktoba 2018.

Watafiti walikokotoa pia gharama. Kuchanja mbwa kila mwaka pamoja na kutoa chanjo ya bure kwa watu waliong'atwa kuligharimu takriban dola za Marekani 1,657 kwa kila kifo kinachozuiwa, kiwango ambacho katika afya ya jamii huhesabiwa kuwa nafuu sana. Chanjo ya watu peke yake ni nafuu zaidi kwa kila kifo, lakini haikati maambukizi. Kila mwaka familia zitaendelea kung'atwa na kukimbilia hospitali. Kwa makadirio yao, kubaki bila ugonjwa kunaziepusha zaidi ya familia 30 za Pemba kila mwaka na mkasa wa kung'atwa na mbwa mwenye kichaa.

Mafanikio ya Pemba hayakupatikana kwa madaktari peke yao. Siku ya chanjo humtaka mtu amshike mbwa, amfunge kamba, amtembeze hadi kituoni na amtulize wakati sindano ikiingia. Katika vituo vingi nchini kazi hiyo hufanywa na watoto wa kiume wenye kamba ya katani mkononi, wakati mwingine mtoto mdogo kuliko mbwa anayemvuta. Katika jamii ambayo mate ya mbwa ni najisi, kuna watu wazima wanaosita kumgusa, na kusita huko hakupaswi kudharauliwa. Hata hivyo mafundisho hayo hayo ya dini yana kisa kinachofahamika kwa wengi cha aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na viongozi wa misikiti wanapotangaza siku ya chanjo baada ya sala, tangazo lao hufika pale ambapo kipaza sauti cha halmashauri hakifiki.

Vikundi vinavyookoa wanyama hufanya kazi zaidi ya hiyo ya siku moja. Mashirika kama TAWESO, lenye makao yake Dar es Salaam, na Mbwa wa Africa la mkoani Arusha, hutibu, huchanja na kuhasi mbwa na paka, na kuwatafutia makazi wale walioachwa. Nchini Kenya, shirika la KSPCA la Nairobi limekuwa likiifanya kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja. Mara nyingi kazi huanza kwa simu: mbwa amegongwa na bodaboda, paka amenasa kwenye mfereji, punda ameachwa na kidonda mgongoni. Mnyama huchukuliwa, hukaguliwa na daktari, hutengwa kwa siku kadhaa ili kuhakikisha hana ugonjwa wa kuambukiza, huchanjwa na kuhasiwa, kisha ndipo hutafutiwa mtu wa kumchukua. Anayetaka kumchukua huulizwa maswali ambayo wengine huyaona ya ajabu: ana uzio? Akisafiri nani atamlisha? Mwenye nyumba ameridhia? Maswali hayo yapo kwa sababu mnyama anayerudishwa mtaani mara ya pili huwa mwoga na mkali kuliko mara ya kwanza.

Vituo hivyo vina kikomo ambacho wananchi wengi hawakitambui. Kituo chenye mabanda ya mbwa hamsini hujaa mara moja na hubaki kimejaa, kwa kuwa wanaoletwa ni wengi kuliko wanaochukuliwa. Ndiyo maana mashirika mengi siku hizi huweka nguvu zaidi katika kuzuia mnyama asikose kwao. Mfano wa pwani unafahamika: mwaka 1987 zahanati ya punda ilifunguliwa Lamu, nchini Kenya, mji ambao kwa vizazi mizigo yake imebebwa na punda katika vichochoro visivyopitisha gari. Zahanati hiyo haikujengwa ili iwanyang'anye watu punda wao. Iliwatibu vidonda na minyoo, ikawafundisha wenye punda namna ya kufunga mizigo, na punda wakarudi kazini wakiwa wazima. Kumsaidia mwenye mnyama maskini aendelee kumtunza mnyama wake ni uokoaji usioonekana kwenye picha, lakini huwafikia wanyama wengi kuliko mabanda.

Kwa paka hesabu ni kali zaidi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, na huweza kupata mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika masoko ya samaki ya miji ya pwani, paka wanapendwa na kulishwa, na hakuna anayetaka waondoke, kwani panya wangejaa. Njia inayofaa kwa makundi kama hayo ni kuwakamata kwa mitego isiyoumiza, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha palepale. Akiwa bado amelala kwa dawa ya usingizi, paka hukatwa ncha ndogo ya sikio moja ili ajulikane kwa mbali kwamba amekwishahudumiwa. Wananchi wanaoona paka mwenye sikio lililokatwa wakati mwingine hudhani ameteswa. Ni alama ya kwamba kuna mtu aliyemjali. Makundi yaliyohasiwa hupigana kidogo, hupunguza kelele za usiku ambazo watu huwalaumu mapaka shume kwazo, na baada ya miaka michache hupungua yenyewe.

Kazi hii inapofanywa kwa muda mrefu na kwa mpango wa nchi nzima, matokeo yake huonekana. Bhutan, nchi ndogo ya milima barani Asia, ilitangaza mwaka 2023 kwamba imekamilisha kuhasi mbwa wake wote wanaozurura, baada ya mpango uliochukua zaidi ya miaka kumi. Tanzania ni kubwa mno kuigwa mfano huo kwa mkupuo, lakini mtaa mmoja au kata moja inaweza.

Sheria ya nchi iko upande wa wanaofanya kazi hii. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka anayemiliki mnyama amtunze na kumkinga na mateso yasiyo ya lazima, na inaufanya ukatili dhidi ya wanyama kuwa kosa. Sheria hiyo pia ilianzisha baraza la kuishauri Serikali kuhusu ustawi wa wanyama. Magonjwa ya wanyama, kikiwamo kichaa cha mbwa, yanasimamiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003. Kwa upande wa Zanzibar, mifugo si suala la Muungano, hivyo usimamizi uko chini ya mamlaka za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Udhaifu uliopo uko zaidi kwenye ngazi ya utekelezaji. Chanjo ya mbwa hutolewa kwa kampeni, na katika maeneo mengi bila malipo, lakini upasuaji wa kuhasi kwa kawaida hulipiwa na mwenye mnyama. Afisa mifugo wa kata anayehudumia vijiji kadhaa kwa pikipiki moja ana ng'ombe, mbuzi na kuku wanaosubiri, na mbwa wa mtaani huwa wa mwisho kwenye orodha yake. Hilo linaeleweka, kwa kuwa ng'ombe ni uchumi wa familia. Lakini gharama ya mbwa asiyechanjwa huja kulipwa hospitali, na mlipaji mara nyingi ni mzazi wa mtoto aliyeng'atwa.

Dunia hupoteza takriban watu 59,000 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa. Kiasi cha asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, vingi mno kuliko vilivyokuwa vikifika kwenye taarifa rasmi, kwa sababu wengi hufia nyumbani. Lengo lililowekwa kimataifa ni kutokomeza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030.

Kwa sababu hiyo anayetaka kuokoa mnyama anapaswa kwanza kujilinda. Mnyama aliyeumia huuma hata mkono unaomsaidia. Inashauriwa kutomshika kwa mikono mitupu mbwa au paka asiyefahamika. Gunia nene, blanketi au boksi lenye matundu ya hewa hufaa kumsafirishia paka, na mbwa aliyegongwa husogezwa juu ya shuka au ubao. Watu wanaofanya kazi hii mara kwa mara hushauriwa wapate chanjo ya kujikinga kabla ya kung'atwa. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeyumba, anayeuma vitu ovyo, aliyebadilika sauti, au yule ambaye jana alikuwa mkali na leo amekuwa mpole kupita kiasi, hapaswi kuguswa na mwananchi; mahali alipo paelezwe kwa afisa mifugo au Serikali ya Mtaa mara moja, na watoto waondolewe.

Akitokea mtu ameng'atwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda, jeraha linapaswa kuoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kufunika wala kupaka majani, mafuta au unga wa betri, kisha mhusika apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuosha jeraha huonekana jambo dogo, lakini huondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa siku zilizopangwa, na kuikatiza kwa kuwa jeraha limepona ni hatari, maana ugonjwa unaweza kujitokeza wiki au miezi kadhaa baadaye. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mbwa au paka aliyeng'ata, kama ana mwenyewe na anaonekana mzima, hafai kuuawa papo hapo. Hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa kuwa akibaki mzima muda huo wote, hakuwa akitoa virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Kumuua na kumtupa kunaufuta ushahidi ambao daktari anauhitaji.

Kwa mtaa unaotaka kuanza, mambo ya mwanzo hayahitaji fedha nyingi. Orodha ya mbwa na paka wa mtaa mzima, wenye wenyewe na wasio na wenyewe, inaweza kuandikwa jioni moja katika daftari la mjumbe, ikionesha jinsia, umri wa kukadiria na kama wamechanjwa. Mbwa yule wa meza ya mama lishe anaandikwa pia, na watu wawili au watatu wanaomlisha wanakubaliana nani atamfunga kamba siku ya chanjo. Watoto wa mbwa wachanjwe pamoja na wakubwa; dhana ya zamani ya kuwarudisha nyumbani walio chini ya miezi mitatu imekuwa ikiacha pengo, na mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani ni kuwajumuisha katika kampeni. Mabucha na machinjio yakifunika mabaki yao, makundi ya mbwa hupungua bila kuua hata mmoja. Wamiliki kadhaa wakiungana kumwita daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwa siku moja, gharama ya kuhasi kwa kila mnyama huweza kushuka, na baadhi ya mashirika hukubali kuchangia iwapo mtaa umekwishaandaa orodha, mahali safi penye meza na maji, na watu wa kuwaangalia wanyama mpaka dawa ya usingizi iishe.

Cheti cha chanjo anachopewa mwenye mbwa kitunzwe pamoja na nyaraka nyingine za nyumbani, na kwa mbwa wa mtaani kikae ofisini kwa Mwenyekiti, kikiwa kimeandikwa jina la mtaa mahali panapotakiwa jina la mmiliki.